Cheti cha Mzee Kabla

Tulimwita Mzee Kabla, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Ukimpelekea mpango wa kazi, hata ukiwa umeupanga ukapangika, anakuuliza, "Kabla ya hapo?" Ukisema rangi, anauliza kabla ya rangi kuna nini. Ukisema plasta, anauliza kabla ya plasta. Mwisho mnajikuta mmerudi kwenye kiwanja kitupu chenye majani, na hapo ndipo anapotabasamu na kusema, "Haya, sasa tunaweza kuanza." Mimi alinitoa jasho hivyo miaka mingi, mpaka nami nikawa msimamizi wa miradi. Ofisi nzima tumepita mikononi mwake, na anayebisha ni mwizi wa fadhila.

Katika kazi yetu cheti hakidumu milele. Kila baada ya muda unapaswa kuonyesha kwamba bado unasoma na bado unajua, la sivyo hukabidhiwi mradi. Kwetu sisi mtihani wenyewe si wa kuandika. Unakaa mbele ya watu wawili, unasimuliwa kosa lililotokea kweli mahali fulani, kisha unaulizwa ungefanya nini. Matawi yote hupeleka makosa yao makao makuu bila kutaja majina. Utaratibu huo aliuanzisha Mzee Kabla mwenyewe. Alikuwa akisema, "Ukitaja jina, watu watamsema mtu, na kosa litabaki palepale."

Mwaka huu zamu ilikuwa yake. Kulikuwa na shule ya watoto wasioona inayotaka kujengwa, na yeye alikuwa ameipania iwe kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Bila cheti asingeipata. Mke wake alinivuta pembeni siku moja akaniambia, "Mwanangu, huyu ukimtoa kazini, nitamzika."

Na hapo ndipo palipokuwa na uchungu, maana Mzee alikuwa anasahau. Sisemi kusahau miwani juu ya kichwa, hilo sote tunalo. Tulipokuwa tunajenga wodi ya wazazi, fundi bomba alimwambia asubuhi kwamba mabomba ya maji machafu hayajalazwa bado. Mzee akaitikia, akamshukuru. Mchana akaruhusu zege la sakafu limwagwe. Yeye, Mzee Kabla! Tuliivunja sakafu nzima kwa nyundo, na fundi bomba, Mungu ambariki, akajitwika lawama akasema yeye ndiye aliyechelewa. Tukafunika kombe mwanaharamu apite. Tangu siku hiyo kila ruhusa aliyoitoa tuliipitia upya nyuma ya mgongo wake. Akituuliza jambo lilelile mara ya pili, tulimjibu kana kwamba ndiyo kwanza analiuliza.

Kosa lenyewe nililipeleka makao makuu, maana sheria ni sheria. Nilisimulia lote, pamoja na jinsi tulivyomficha, kwa kuwa yeye ndiye aliyetufundisha kwamba kosa likisimuliwa nusu halimfundishi mtu. Jina tu ndilo sikulitaja.

Siku ya mahojiano mezani tulikaa mimi na mkuu wa mafunzo, mama mmoja mcheshi tuliyemwita Mama Vyeti. Niliomba kukaa pale makusudi. Nilikuwa nimemwandalia Mzee kisa chepesi cha mchanga uliochelewa, kisa ambacho hata mlinzi wa getini angekijibu. Mama Vyeti akaniwahi.

"Mzee wangu, wewe nimekuwekea kigumu," alisema akicheka. "Vijana wote wa matawi mengine kimewashinda. Kuna wodi moja..."

Kilikuwa kisa chetu. Nilijaribu kumkatiza, nikasingizia muda, lakini alinipungia mkono ninyamaze. Hakujua, na ningemwambiaje mbele ya mwenyewe? Akasimulia yote: bomba, zege, nyundo, na wenzake wanaomfichia siri. Mzee alisikiliza kichwa kimeinama, kidole kikigonga meza polepole, kama zamani.

"Kabla ya hiyo sakafu," aliuliza, "dalili zilikuwepo?"

"Zilikuwepo," alijibu Mama Vyeti.

"Wenzake waliziona?"

"Waliziona. Lakini wanampenda."

"Kumpenda ni sawa." Akakohoa kidogo. "Ila siku moja atasahau kitu ambacho na wao hawatakiona. Utakuwa ukuta, au waya wa umeme, na hapo chini amesimama mtoto wa mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyo bwana aondolewe kwenye mradi. Leo, siyo kesho."

Mama Vyeti alikuwa anaandika huku uso umemng'aa. Vijana wote, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wamesema apewe msaidizi. Hakuna aliyethubutu kusema aondolewe. Mimi nilijivunia mwalimu wangu, na papo hapo nilitamani ardhi inimeze.

"Halafu msimwandikie barua," aliendelea Mzee. "Barua ni ukatili. Akaambiwe na mtu aliyefanya naye kazi, amkalie karibu, amweleze bila kumficha chochote." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Maskini. Ana familia?"

"Ana mke," nilisema.

"Na mkewe aelezwe. Hawa wake zetu ndio wanaobeba." Akanigeukia. "Mbona unalia, mwanangu?"

Kalamu ya Mama Vyeti ikasimama. Alinitazama, akamtazama Mzee, akaelewa. Nilizunguka meza, nikavuta kiti mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Mzee," nilisema, "hiyo wodi ni yetu. Hiyo sakafu tuliivunja sisi. Huyo mtu ni wewe."

Aliangalia mikono yake, akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena. Nilidhani atakasirika, na ningeshukuru angekasirika.

"Kuna aliyeumia?" aliuliza.

"Hakuna."

"Basi mmewahi." Machozi yakamtiririka, na hakuyafuta. "Ahsante, mwanangu. Kile kisa ulichokipeleka umekisimulia vizuri. Hukuacha kitu."

Nilimrudisha nyumbani mwenyewe. Mkewe alitufungulia mlango, akatuangalia mmoja mmoja, na hatukuhitaji kumwambia mengi. Alimshika mkono akamwingiza ndani. Njiani nikirudi nililia mpaka kifua kikauma, lakini nilijipa moyo kwamba lile zito limekwisha, kwamba lisilo budi hutendwa na tumeshalitenda.

Asubuhi yake nilimkuta ofisini kabla mfagiaji hajamaliza ukumbi. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, amekaa kwenye kiti changu, na kitabu cha kazi kimefunguliwa mapajani.

"Aa, umekuja," alisema kwa furaha. "Mahojiano yangu ni leo, ee? Nimesoma sana, lakini sikufichi, nina wasiwasi kidogo. Hebu nipe kisa kimoja nijipime."

Nilifunga mlango. Nilivuta kiti kingine, nikakaa karibu naye, nikamshika mkono.

"Kuna wodi moja, Mzee," nikaanza.