Mawakili Wawili, Firigisi Moja

Nakhumicha hakuwa mtu wa kuwapenda mawakili, lakini Jumamosi ile alimchinjia mmoja wao jogoo. Gachanja alikuwa wakili wa Pakua, kampuni ya kuuza chakula kwa simu, na Pakua ilikuwa imeishtaki Shibisha kwa malalamishi aliyoandika Nakhumicha mwenyewe.

Shibisha, jitu lile la kuagiza chakula kwa simu, lilikuwa limemficha kwenye app yake. Kosa lake? Kuuza kuku wake Pakua pia. Tangu hapo mtu wa Ruiru akitafuta kuku wa kienyeji alionyeshwa pizza ya Juja. Wateja wake wengi walikuwa Ruiru, na sasa jikoni kwake Landless, mjini Thika, sufuria zilikaa zikitazamana. Jumatatu angetoa ushahidi mbele ya tume ya ushindani wa kibiashara. Akishinda, angerudi kwenye simu za watu.

Nyama ilikuwa ikitokota, Gachanja ameshaketi, Githae alipobisha hodi. Wakili wa Shibisha, amekuja kubembeleza! Bungoma alikozaliwa Nakhumicha, mgeni hafukuzwi chakula kikinukia, hata awe mwizi wa kuku huyo huyo. Alimkaribisha huku amenuna.

Ikabaki shida moja. Jogoo ana firigisi moja tu, na kwao firigisi ni ya mgeni wa heshima. Alimwekea Gachanja, kisha akamkata Githae jicho ili aone nani ni nani. Githae hakuona kitu. Gachanja naye, mtoto wa Gatundu asiyejua kapewa nini, aliikata katikati kama andazi.

"Shika nusu, Githae. Mimi sipendangi hizi vitu za ndani sana."

Nakhumicha aliudhika. Heshima aliyompa mtu mmoja ilikuwa ikitafunwa na wawili, tena wakichekeana. Kumbe walisoma darasa moja! Wakaongezwa ugali, wakala, wakaondoka kwa gari moja.

Jumatatu, nje ya ukumbi wa tume kule Ruiru, Gachanja alimvuta kando akitabasamu hadi magego.

"Mama, tumeshinda! Tumeelewana na Shibisha. Ukiulizwa, sema tu umeondoa malalamishi. Watakurudisha kwa app yao."

"Niuze Ruiru tena?"

"Aa, hapo sasa... Ruiru imekuwa yetu, Pakua. Shibisha wanabaki na Thika. Wewe uko Thika, so utauza Thika. Kila mtu kwake, vita imeisha."

"Na watu wangu wa Ruiru?"

"Si watazoea?"

Watazoea! Nakhumicha aliingia ukumbini damu ikimchemka. Mwenyekiti wa tume, mama mmoja mwembamba aitwaye Nyawira, alimuuliza kama anaondoa malalamishi. Gachanja alimwitikia kwa kichwa, kumhimiza. Githae alikuwa akitazama dari.

"Siondoi," alisema. "Naongeza. Nilikuja kushtaki kampuni moja. Sasa hawa wawili wamegawana miji. Huyu Ruiru, yule Thika. Mimi na wateja wangu hakuna mtu ametuuliza."

Nyawira aliwageukia mawakili polepole.

"Mmegawana nini?"

Gachanja alifunga faili lake.

"Kumficha mfanyabiashara ni kosa. Kukaa chini mkagawana soko ni kosa kubwa zaidi, na nyinyi mmelileta hapa mkiliita amani. Mama, njoo ukae mbele. Leo wewe ni shahidi dhidi ya wote wawili."

Nakhumicha alikwenda mbele, akaketi, akavuta kiti karibu na kipaza sauti. Alikuwa na furaha na hakujali kuificha.

"Nianze na nani?" aliuliza.