Mbuzi wa Fainali

Mado alikuwa anageuza maandazi kwenye karai, kando ya uwanja wa Kikula, alipomwona mbuzi wake Bijou amefungwa kwenye mlingoti wa goli, palepale alipofungwa Jumapili iliyopita kabla hajaliwa. Alitoa kwanza maandazi yasiungue, maana mafuta enzi hizo hayakuwa ya kuchezea. Kisha akaenda kumtazama. Alikuwa Bijou mwenyewe, na sikio lake lililochanika. Ngozi yake bado ilikuwa imeanikwa juu ya bati la Adolphe, na hapa alikuwa ameivaa.

Adolphe, kaka mkubwa wa mume wake, ambaye Mado alimwita yaya kwa heshima, ndiye aliyekuwa rais wa kamati ya mashindano. Tangu kiwanda kife, nani angetoa kombe? Mshindi wa fainali ya kila Jumapili alipewa mnyama: kuku, bata, mbuzi. Mnyama alisimama juani mechi nzima bila tone la maji, mipira ikimpiga mbavuni, na jioni akaingia chunguni. Mume wa Mado alipokwenda kuchimba madini Kambove, Adolphe akaja kumchukua Bijou bila hata hodi, eti ni mali ya familia. Mado alilia mpaka macho yakavimba. Alipomaliza kulia aliwakusanya wanawake wa sokoni, wakaisumbua kamati mpaka ikakubali, mbele ya mchungaji Fidèle, kwamba hakuna tena kutoa mnyama hai kuwa zawadi. Hiyo ilikuwa Jumatano.

"Yaya Adolphe," alisema Mado, "si mulikubali mbele ya pasta?"

"Tulikubali. Hakuna kutoa nyama muzima. Sasa ile iko muzima? Miye nilikula kichwa yake."

"Na miye mukia," alisema Pitshou, golikipa, akivaa soksi.

Mchungaji Fidèle alikuna kidevu. Yeye aliletewa paja.

Mado alichanganyikiwa kabisa. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye mbavu za Bijou. Moyo haukusikika. Alichosikia ni maji yakichemka polepole, kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Aliona aibu, kwa sababu mbele ya watu wote hakuweza kuapa kwamba mbuzi wake yu hai. Hata hivyo ulimi ulikuwa umetoka nje, mkavu. Akaleta bakuli la maji. Bijou akanywa yote, akalamba na bakuli lenyewe.

"Iko na kiu," alisema Mado. "Kama ilikufa, kiu ni ya nani?"

Hapo Adolphe akamgeukia mwamuzi. Mwamuzi akatazama saa yake, akapuliza kipenga.

Vijana wa Kamatanda walishinda, wakamchukua, wakamla. Jumapili iliyofuata Bijou alikuwa golini tena. Kamati ilifurahi sana, maana haikuhitaji tena kutafuta zawadi. Wanawake walikwenda kwa chifu wa mtaa. Akasema wafu si kazi yake, waende kanisani. Kanisani mchungaji Fidèle akasema mbuzi anayekunywa maji si wa kanisa, warudi kwa chifu. Wengine walichoka, wakarudi kuuza nyanya zao. Siku moja Mado alimfungua Bijou, akampeleka nyumbani, lakini kabla ya mechi wachezaji wakaja kumchukua, wakasalimia vizuri, wakamwambia, "Pardon, mama."

Basi Jumapili moja aliamka mapema, akabeba ndoo. Njia nzima aliomba mlingoti uwe mtupu, Bijou apumzike. Alipokaribia uwanja akaanza kuogopa kwamba utakuwa mtupu kweli. Bijou alikuwapo. Mado akasema asante Mungu, kisha akashika mdomo wake, hajui ameshukuru nini.

Alimshikia ndoo. Bijou akanywa taratibu, mpaka Adolphe alipofika na mpira kwapani. Alimwamkia shemeji yake, akamwomba asogee kidogo, maana amesimama golini.