Kulia kwa Nani

Bikizee, gari la kale, hakuwa na shida ya injini. Injini iliwaka asubuhi kwa kikohozi kimoja, na milima aliipanda kama mbuzi. Shida ilikuwa kona. Kumgeuza Bikizee mahali penye nafasi ndogo ilikuwa kama kumgeuza ng'ombe aliyekwisha kulala, na dereva wake sasa alikuwa na bega moja tu zima.

Dereva huyo watu walimwita Mama Visima, kwa sababu alitengeneza pampu za visima huko ambako barabara huisha na gari dogo halithubutu. Mwaka uliotangulia, bomba la chuma lilimponyoka mwenzake juu ya ngazi, likamwangukia yeye begani. Daktari aliliunga bega kwa skrubu, akamwambia mkono ule utanyanyua kikombe na kuchana nywele, lakini usukani wa gari lile la kale, mzito kama jiwe, asahau. Alisema "pumzika" kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kupumzishwa.

Gari lenyewe lilikuwa la urithi, nusu lake na nusu la kaka yake mwenye duka la koki na mabomba. Kaka alikuwa amekwisha kupata mnunuzi, mwenye hoteli aliyetaka kumsimamisha Bikizee langoni, amtoe injini, kisha apande maua ndani ya boneti.

"Utakaa dukani na mimi, dada," kaka alimwambia. "Kivulini. Utauza koki."

Mama Visima akamwuliza kama naye akizeeka angependa kupandwa maua kifuani. Walibishana hadi chai ikapoa. Kaka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na alichokiogopa ni kupigiwa simu siku moja aambiwe dada yake ameshindwa kukata kona ya mlimani. Mwisho wakakubaliana: mnunuzi angekuja mwisho wa mwezi. Siku hiyo, kama Mama Visima angemgeuza Bikizee mle mle uani, kati ya tangi la maji na ukuta, bila kusaidiwa na mtu, gari haliuzwi. Akishindwa, livutwe kwa kamba mbele ya macho yake, na asinune.

Fundi wao aliitwa Greda. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Mama Visima, kwa hiyo waliitana shemeji na walitaniana kwa haki. Greda alimweleza kwamba dawa ipo na si ya miujiza: Bikizee atolewe boksi yake ya stelingi, yaani ya usukani, ile ya zamani inayotaka nguvu za mpiga kasia, afungwe boksi ya pawa, ambayo mafuta yanasukumwa na pampu na kumsaidia dereva kukata. Matoleo yaliyofuata ya gari lile lile yalitoka na boksi hiyo. Kazi ni kuipata, na kuipata kwa bei ambayo haitamfanya mtu auze gari ili anunue usukani wake.

Mpya haikufikirika. Mwenye duka la kwanza aliposikia ni gari gani, alicheka kwa adabu, akataja bei ambayo ingenunua Bikizee wawili na chenji ya mafuta. Maduka mengine yalikuwa na vya kutumika, na huko Mama Visima akajifunza neno linalouza spea kuliko bei yenyewe: *inaingiana*. Boksi ya basi dogo, inaingiana. Boksi ya pikapu, inaingiana, mama, kata tu hapa, choma pale. Yeye alitembea na boksi yake ya zamani kwenye kiroba. Kila alipoambiwa inaingiana aliitoa, akaiweka kaunta kando ya ile inayouzwa, akanyamaza. Muuzaji mwenyewe angetazama, akune kichwa, aseme basi labda ukitafuta fundi mzuri.

Greda alijaribu njia ya mkato. Aliirudisha boksi ya zamani kwa muda, akamfunga Bikizee usukani mpana wa lori, kwa hoja kwamba mduara mkubwa hupunguza uzito. Ulipungua kweli, ila usukani ulilala juu ya mapaja ya Mama Visima, na kila kona ikawa lazima avute tumbo ndani ili uzunguke.

"Shemeji, hii si gari," alisema. "Hii ni mazoezi ya viungo."

Ukafunguliwa siku hiyo hiyo, pamoja na boksi.

Ndipo Greda akakumbuka machinjio. Ndivyo mafundi wanavyouita uwanja ambako magari yaliyokufa hufunguliwa nati kwa nati na kuuzwa vipande, na mwenye uwanja huitwa mchinjaji hata kama hajawahi kushika kuku. Huyo alikuwa mbali, safari ya siku nzima, lakini alikuwa na gari la toleo linalotakiwa, limepondwa nyuma na zima mbele. Mama Visima akampigia. Mchinjaji akamwuliza boksi anayoitaka ni ya upande gani, maana ya kulia na ya kushoto hazifanani. Kulia, akajibu, usukani wangu uko kulia. Mchinjaji akasema Mungu ampe nini tena, kwani yeye amesimama mbele ya gari wakati huo huo, na boksi anaiona kwa macho yake, imekaa kulia kabisa. Bei aliyotaja ilikuwa ya kibinadamu. Pesa ikaenda kwa simu, mzigo ukaja kwa basi: boksi, pampu na mipira yake, vyote vimevalishwa gunia.

Greda aliiosha boksi kwa dizeli, akaifunga kwenye jiliwa mezani, na ile ya zamani akaifunga kando yake. Ni kawaida yake. Haamini kitu mpaka kifanye kazi mezani kwanza. Akaikata ya zamani kulia, mkono wake wa chuma ukaenda mbele. Akaikata ya pawa kulia. Mkono ukarudi nyuma.

Akarudia. Kisha akafuta mikono, akakaa juu ya tairi.

"Shemeji, ukifunga hii, ukikata kulia gari litakwenda kushoto. Hii ni ya gari ambalo dereva anakaa upande wa pili."

Jioni ile kaka alikuwa amempigia dada yake kumjulisha kwamba mwenye hoteli atakuja Jumamosi na winchi. Sasa Mama Visima akachukua simu, akampigia mchinjaji, na Greda alisogea karibu akitegemea kusikia matusi ya kujifunzia. Hakuyasikia. Mama Visima aliuliza swali moja, taratibu, kama anayemhoji mtoto aliyevunja sahani.

"Siku ile uliposema boksi iko kulia, ulikuwa umesimama wapi?"

"Mbele ya gari. Boneti iko wazi."

"Yaani umelitazama uso kwa uso?"

"Sasa ningelitazama kisogoni?"

"Basi kulia kwako ni kushoto kwa dereva."

Mchinjaji akasema, kwa heshima zote, mama, kulia ni mkono anaolia chakula, na mkono huo haujahama tangu azaliwe. Yeye hufungua magari akiwa mbele yake, hajawahi kufungua gari akiwa analiendesha. Tena mali ikitoka machinjioni hairudi, hiyo inajulikana.

Greda alitikisa kichwa. Kwake mambo yalikuwa yameisha. Lakini Mama Visima alikuwa bado ameshika simu, na uso wake ulikuwa umebadilika, kama mtu aliyesikia maji yakibubujika chini ya mwamba. Alikuwa akifikiri hivi: mtu huyu si mwongo. Mwongo hubadilika, huyu habadiliki. Kila siku anasimama mbele ya gari, kila siku kulia kwake ni kushoto kwa dereva. Kwa hiyo kama mimi niliomba ya kulia nikapewa ya kushoto, yupo mahali fulani mtu aliyeomba ya kushoto.

"Sikiliza, kaka yangu," alisema. "Pesa yako sitaki. Niambie nani mwingine amekutukana kwa kosa hili."

Yupo mmoja, mchinjaji akasema, aliyemtukana mpaka akaiweka simu chini na kuendelea na kazi, na aliporudi kuichukua bado alikuwa anatukanwa. Mwanamume. Alitaka boksi ya kushoto ya gari la aina hiyo hiyo. Namba alikwisha kuifuta kwa hasira, ila mzigo aliupakia basi la kwenda mji wenye kiwanda cha saruji. Zaidi ya hapo hajui.

Kesho yake Mama Visima alikuwa ndani ya basi, boksi iko miguuni ndani ya gunia, bega limefungwa kitambaa. Greda alimwambia kwamba kutafuta mtu asiye na jina katika mji mzima ni kutafuta sindano. Akajibiwa kwamba sindano haina usukani kushoto.

Na hilo ndilo alilolitumia. Madereva wa mji ule wote walikaa kulia, kama miji yote ya nchi ile. Hakwenda gereji, ambako kila mtu angemwambia inaingiana. Alikwenda kwenye geti la maegesho ya soko kuu, akamwuliza askari anayekata tiketi ni magari gani humlazimisha kuzunguka upande wa pili. Askari akaguna kabla swali halijaisha. Kuna mawili, alisema, ya watu wa utafiti wa misitu, waliyaleta kutoka ng'ambo, na dereva wao mmoja humpigia honi akichelewa kuzunguka. Akaonyesha njia kwa kidevu.

Kwenye uwanja wa watu wa misitu, lango lilikuwa wazi, na kilicholizuia lisifungwe na upepo kilikuwa boksi ya stelingi.

Mama Visima aliinama, akaifuta vumbi kwa khanga. Dereva akatoka akikimbia, mtu mfupi mwenye shati lililopigwa pasi kama la bwana harusi, akauliza anafanya nini na mali yake. Akamweleza. Alipotaja machinjio tu, dereva akapandwa na hasira.

"Umetumwa na yule mwizi?"

"Si mwizi. Ni mtu anayesimama mbele ya gari."

Ilibidi amsimamishe kweli. Alimweka dereva mbele ya gari lake, boneti juu, akamwambia aonyeshe kulia. Dereva akaonyesha. Akamwambia apande, ashike usukani, aonyeshe kulia tena. Mkono wa dereva ulinyooka kuelekea upande mwingine, ukabaki hewani. Alishuka polepole. Kumbe boksi ile aliinunua kwa fedha yake mwenyewe, ili mkuu wake asijue kwamba gari limevuja mafuta mikononi mwake, na tangu aletewe kitu kisichofaa amekuwa akiendesha huku anajaza mafuta kila asubuhi kabla wengine hawajafika. Alipoiona iliyo ndani ya gunia, alisahau shati, akapiga magoti chini. Wakazilaza boksi mbili kando kwa kando, wakazikata zote kulia. Mikono ya chuma ikapishana.

"Dada," alisema, "nilimtukania mpaka mama yake."

"Utampigia umwombe radhi."

"Nitampigia. Lakini asinieleze tena habari za kulia."

Walibadilishana pale pale, na dereva akambebea gunia hadi kituoni.

Greda alibadilisha sili, zile pete za mpira za kuzuia mafuta, zilizokauka kwa kushikilia lango, akaipeleka boksi mezani kwake, akaikata kulia. Mkono ukaenda mbele. Hakusifu, alikwenda moja kwa moja kumfunga Bikizee boksi hiyo. Pampu ilikosa pa kukaa, akachonga kibao cha chuma kutoka kwenye fremu ya kitanda. Mpira mmoja ulikuwa mfupi, Mama Visima akautafutia ndugu yake sokoni, safari hii akauliza neno kwa neno na kupima kwa kamba. Ijumaa jioni waliwasha, mafuta yakazunguka, pampu ikalia kidogo kisha ikatulia.

Jumamosi mwenye hoteli alikuja na winchi, na miche ya maua ipo kabisa ndani ya gari lake dogo. Kaka alisimama karibu na tangi, mikono nyuma, uso wa mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Alimwambia dada yake taratibu kwamba hakuna aibu kughairi. Mama Visima akapanda.

Alirudi nyuma hadi bampa ikakaribia ukuta, akakata yote kwa mkono wenye bega bovu, makusudi, ule mwingine akauweka mapajani watu wauone. Magurudumu yaligeuka kama yaliyoitwa jina. Akaenda mbele, tangi likapita pembeni kwa upana wa kiganja. Akarudi tena, akakata tena. Bega lilimwuma, lakini kama linavyouma likinyanyua kikombe. Alipomaliza, pua ya Bikizee ilikuwa imetazama lango, na jasho lote lililokuwa uani lilikuwa la kaka.

Mwenye hoteli akauliza kama bei inaweza kuongezwa. Kaka akamwambia gari haliuzwi, na kwamba mahali pazuri pa kupanda maua ni ardhini.

Kisima cha shule ya ng'ambo ya mlima kilikuwa kimekauka koo tangu juma lililopita. Mama Visima akaanza kupakia mabomba. Kaka alimsaidia bila kuombwa, kisha akafungua mlango wa abiria, akaingia na viatu vyake safi, akafunga mkanda. Alisema anataka tu kushushwa dukani. Walipolipita duka, aliendelea kutazama mbele.

Kwenye kona ya kwanza ya mlima, ile kali yenye bonde upande mmoja, mkono wa kaka ulitoka wenyewe kwenda kuusaidia usukani. Mama Visima aliutazama mara moja tu. Kaka akaurudisha, akaukalia.