Magurudumu ya Ngurumo

Tamima binti Salem, mshonaji mabuibui wa Malindi ya Unguja, ana mdomo usiojua kungoja, na mwaka huu mdomo huo ulimtia matatani. Siku moja alikaa anasubiri pasi ipate moto, simu mkononi, akaandika kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya binti yake: "Shadya wangu hatopelekwa Chwaka kwa gari la kukodi. Atakwenda ndani ya Ngurumo, gari la babu yake, na mie mwenyewe ndiye dereva." Wanawake wa pande zote mbili, wa mjini na wa Chwaka kwa bwana harusi, wakamjibu kwa mashaAllah na vigelegele vya maandishi mpaka simu ikawa haitulii. Tatizo lilikuwa moja tu. Ngurumo halikuwa na gurudumu hata moja.

Ngurumo ni gari la Kimarekani la zamani hizo, milango miwili, boneti refu, usukani kushoto, na injini ambayo marehemu Mzee Salem alipokuwa akiiwasha kuku wa jirani walikuwa wakiruka ukuta. Jina lilipewa na mtaa. Macho ya mzee yalipopungua alilirudisha kinyumenyume ndani ya bohari ya chini ya nyumba, uso ukitazama mlango, akalipandisha juu ya mawe, magurudumu akayagawa. Mawili alichukua mtu wa gari la ng'ombe, mawili mpaka leo hayajulikani yaliko. Kisha mzee akafariki, Mungu amrehemu, na gari likabaki chini ya turubali. Mjane wake, Bi Ummkulthum, anakaa ghorofa ya juu yake, na miguu haimruhusu tena kushuka ngazi.

Bohari yenyewe ni ya Ami Hamed, mdogo wake marehemu. Msimwone Ami mtu mbaya. Alilivumilia gari la kaka yake miaka chungu nzima bila neno. Lakini sasa bohari kaipangisha, na mpangaji anataka kuingia.

"Alhamisi alasiri bohari iwe tupu," alimwambia Tamima. "Likitoka zima, lichukueni, Mungu awape heri nalo. Lisipotoka, nshazungumza na watu wa vyuma chakavu. Watakuja na gesi yao walikate humo humo."

"Walikate! Gari la kaka yako, Ami?"

"Sasa mie nifanye nini, mwanangu? Nilimeze?"

Tamima hakupata usingizi mzuri baada ya hapo. Harusi ilikuwa Jumamosi. Aibu ya kundi la WhatsApp ni aibu, lakini ilimuuma zaidi kufikiria moto wa gesi unakata ule mlango ambao baba yake alikuwa akimfungulia akienda skuli. Akampigia ndugu yake Wakil, fundi magari wa Ng'ambo. Wakil hakuuliza mara mbili. Alikuja na sanduku lake la zana, akashinda chini ya boneti, akachafuka mpaka nyusi.

"Dada, injini nshamaliza, breki nshamaliza, hata honi inalia," akasema. "Sasa liletee viatu, magurudumu. Lakini nisikilize: gari la zamani linataka tairi lenye ubavu mnene. Usiniletee mambo ya vijana."

Tamima akaitikia vizuri sana, akajifunga buibui lake, akashika njia ya Mlandege, na kumsahau Wakil kabla hajafika Darajani.

Duka la Munir la rimu na tairi limejaa mpaka njiani. Munir anamjua Tamima kwa sababu mkewe anashona kwake, na anajua pia kuwa mama wa biharusi ni mteja anayenunua kwa macho. Akamvutia rimu moja pana, inang'aa mpaka Tamima akaona mashavu yake ndani yake, na tairi lake pana lililolala, ubavu mwembamba.

"Hizi ndizo, Bi Tamima. Matundu matano ya boliti, kama ya gari lenu. Ukipita nazo Chwaka, watu wataacha biriani mezani."

"Na zile?" Pembeni kulikuwa na rimu nyeusi za chuma kitupu, nyembamba, zimerundikwa juu ya tairi za gari la mizigo.

"Zile? Astaghfirullahi! Zile za kubebea mkaa. Usinitie aibu, na wewe usijitie."

Tamima akacheka, na pale pale akajiona anashuka Chwaka kwa wakwe, jua linapiga kwenye zile rimu, na shoga wa kundini wanashikana mabega. Ubishoo huo ulimwingia, na akachukua zile pana.

Jumatano asubuhi zilifungwa. Jamani, gari lilipendeza! Shadya akashika simu kurekodi, majirani wakajaa njiani, Ami Hamed akavuta kiti. Wakil alipoziona rimu alimtazama dada yake jicho moja, akaingia garini. Akawasha. Ngurumo likanguruma mpaka vumbi la dari likamwagika, watoto wakaziba masikio, mtu mmoja akapiga takbiri. Likasogea mbele pole pole kuelekea mwanga wa mlangoni, kisha likasimama.

Mlango wa bohari ile ni mpana, lakini chini yake, kila upande, kuna jiwe limetuna kwa ndani. Mafundi wa kale waliyaweka kulinda miimo isigongwe na mikokoteni. Tairi za mbele zilijibana kati ya mawe yale mawili, hazendi mbele wala kando. Wakil akarudi nyuma, akajaribu tena, zikajibana tena. Akaenda mbio kuleta magurudumu ya gari lake dogo, membamba kweli, yakapita kwenye mawe. Lakini yalikuwa mafupi, na tumbo la Ngurumo likakaa juu ya kizingiti, likagoma kuondoka. Ilibidi wanaume walinyanyue kwa mabega kulirudisha ndani.

"Livunjwe hilo jiwe moja," akasema mtu.

"Weee!" Ami Hamed akainuka. "Nyumba ya Mji Mkongwe hii. Nikigusa jiwe, kesho nimeitwa serikalini naulizwa. Hapana. Tamima mwanangu, nisamehe. Kesho alasiri wanakuja."

Watu wakatawanyika, wengine wanacheka chini chini. Shadya alizima simu, akamshika mama yake mkono, akasema, "Mama, mie hata kwa bajaji nitakwenda." Neno lile la upole lilimuuma Tamima kuliko vicheko vyote. Alijua vizuri kuwa ameshindwa kwa kupenda kutazamwa. Alikuwa na nafasi moja ya kuliokoa gari la baba yake, akaitumia kuwakoga wakwe.

Akapanda juu kwa mama yake. Bi Ummkulthum alikuwa jikoni kwenye kigoda chake, wali uko motoni, sufuria limefunikwa kwa lile funiko lake la kung'aa lenye tumbo katikati. Anayo manne ya namna ile, na hakuna aliyewahi kuuliza yametoka wapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia yote dirishani. Nilikuwa nangoja kelele yangu, sikuisikia."

"Kelele gani?"

"Baba yako hakuwahi kutoka na gari lile kimya kimya. Usukani uko kushoto, upande wa kulia haoni, basi kila siku lazima alikwaruze jiwe. Krrrr! Na mie kila siku lazima nitoe kichwa nimpigie kelele: We Salem, utauvunja mlango! Unafikiri ananijibu? Ananipigia honi mbili, huyo anakwenda zake." Akacheka, akajifuta jicho kwa ncha ya kanga. "Kaniudhi mtu yule mpaka siku ya mwisho. Hebu nifunulie wali."

Tamima akalinyanyua funiko. Likamwangukia mwanga wa dirisha, na juu ya lile tumbo lake akaona mchubuko, duara juu ya duara. Akaligeuza. Ndani kulikuwa na meno ya kushikia.

"Mama, hili si la sufuria!"

"Nani kakwambia la sufuria? La gurudumu hilo. Niliyavua mie mwenyewe kabla hajaanza kugawa, nikamwambia haya mazuri hayaendi kwa ng'ombe."

Tamima alishuka zile ngazi na funiko mkononi, wali kauacha wazi. Akapiga magoti kwenye jiwe la kulia, akakwangua chokaa kwa kucha, chokaa juu ya chokaa, mpaka akagusa mfereji uliochimbika ndani ya jiwe, kimo cha chini kidogo ya goti la mtu aliyesimama. Akalipachika tumbo la funiko pale. Likakaa kitako. Basi katikati ya gurudumu la baba yake palikuwa hapa, kimo hiki hiki, na wembamba wake ulikuwa wa kupita kwa kukwaruza. Na gari lilikuwa likitoka kila siku! Akachomoa uzi kutoka mfukoni, akaunyoosha toka sakafuni mpaka kwenye mfereji, akaukata kwa meno.

Alhamisi, Munir hajamaliza kupanga mali yake nje, Tamima kashaingia. Aliburuta tairi moja, akalisimamisha, akaweka ncha ya uzi chini, ncha nyingine katikati. Fupi. Akachukua jengine.

"Bi Tamima, unalishonea suruali?"

"Nalishonea. Nyamaza nipime."

Alipima duka zima. Tairi lililokwenda sawa na uzi lilikuwa la ubavu mnene, refu, jembamba, na rimu iliyolifaa ilikuwa ndani ya lile rundo la pembeni.

"Za mkaa?" Munir akashika kichwa. "Kwa harusi?"

"Za mkaa hizo hizo, nne. Na zako za kung'aa nimekuletea, tubadilishane. Fanya haraka, Munir, kuna watu wanakuja na gesi!"

Munir aliposikia habari ya gesi alifunga duka, akazipakia mwenyewe kwenye kigari chake. Tundu la kati la rimu likawa dogo kidogo, Wakil akazikimbiza kwa fundi wa kuchonga vyuma, zikapanuliwa. Tairi zikavishwa, zikajazwa upepo. Mwisho yakashushwa mafuniko ya Bi Ummkulthum, yananukia iliki, Wakil akayagonga kwa kiganja moja moja. Juu ya rimu nyeusi yaling'aa taratibu, bila makelele, na Ngurumo likasimama kwa kimo chake, limeinua kifua. Tamima alilitambua. Hili ndilo gari lililokuwa likimpeleka skuli.

Adhana ya alasiri ilipokwisha, watu wa vyuma walikuwa wameshafika, mitungi ya gesi imesimama barazani, wao wanakunywa kahawa. Ami Hamed hakukaa kitini leo. Alisimama mikono nyuma, anatafuna mdomo.

"Nipe ufunguo," Tamima akamwambia Wakil.

"Dada, niachie mie."

"Nilisema dereva ni mie. Watu wote wamesoma."

Akaingia, akapiga bismillahi, akawasha. Wakil alisimama nje mbele yake anampa ishara kwa vidole: njoo, njoo, polepole. Tairi za mbele zikafika kwenye mawe. Zikaingia. Zikapanda kizingiti, zikashuka ng'ambo, na tumbo la gari likapita juu ya kizingiti, pengine kidole kingeenea hapo katikati, pengine kisingeenea. Munir alikuwa amefumba macho. Zikabaki tairi za nyuma, na upande wa kulia Tamima haoni kitu.

Krrrrr!

Sauti ya bati na jiwe ikapasua njia nzima. Wakil akapiga kelele "Simama!", na Tamima akakanyaga breki. Kisha juu, kwenye dirisha la ghorofani, kikatoka kichwa cheupe cha Bi Ummkulthum, kanga imemwangukia mabegani.

"We Salem!" akapiga kelele kwa sauti ambayo mtaa haujaisikia tangu mzee alipofariki. "Utauvunja mlango!"

Watu wote wakatazama juu. Ami Hamed akashika ukuta, machozi yanamtoka waziwazi, anacheka huku analia, anawaambia watu wa vyuma, "Nendeni, nendeni zenu na mitungi yenu, hamna kazi hapa!" Shadya alikuwa anarekodi. Tamima hakuwa akiona vizuri mbele, lakini mguu wake ulijua la kufanya. Alikandamiza mafuta, Ngurumo likapiga ukelele, likajikwaruza mara ya mwisho na kutoka zima, lote, mpaka katikati ya njia kwenye jua.

Vigelegele vikaanzia kwa jirani, vikapokewa nyumba kwa nyumba. Tamima akashusha kioo, akatoa kichwa, akamtazama mama yake kule juu. Akapiga honi mbili.

"Haya, nenda zako," akasema Bi Ummkulthum, "na urudi mapema!"