Mlio wa Difu

Gari lilifika limevutwa kwa kamba. Lilikuwa la viti viwili, bapa, wekundu wake umefifia ukawa rangi ya tofali. Mwenyewe alikuwa mpiga picha wa harusi, kaka yake Mama Springi, mke wa Fundi.

"Shemeji," alimwambia Fundi, "nataka nikilikanyaga liruke."

"Una watoto watano na gari la viti viwili. Wengine utawafunga kwenye buti?"

"Hao wana miguu, watembee."

Gereji ilikuwa ya mke na mume. Mume alishika injini na gia, na mtaani aliitwa Fundi tu, kana kwamba hapakuwa na mwingine. Mke alishika vya chini: springi, shokapu, bushi. Kazi hiyo alirithi kwa baba yake, na jina la Mama Springi likamganda.

Waliitoa injini ya silinda nne, wakaingiza ya silinda sita. Gia boksi ikabadilishwa, propela shafti ikakatwa na kuchomelewa upya, na difu, ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ikapewa meno mapya. Mama Springi alifunga springi ngumu na shokapu mpya pande zote. "Nguvu bila miguu ni kaburi," alisema, akikaza nati.

Siku hizo mumewe alikuwa amepunguza maneno. Akiitwa chai, haitiki. Akiulizwa la spana, anajibu la bomba. Mama Springi aliona ni uzee unaingia na kiburi chake, akameza.

Siku ya kulijaribu, Fundi aliendesha, mkewe akakaa pembeni. Gari lilipochanganya mwendo, mgongo wa Mama Springi ulibanwa kwenye kiti. Kwenye kona ya maghala halikuyumba hata kidogo, naye akajisikia fahari. Kisha Fundi akaondoa mguu kwenye mafuta, na nyuma yao kikaanza kilio chembamba, kama cha mbu, kikapanda hadi kikawa kama cha mtoto aliye nyuma ya ukuta. Ilikuwa difu. Hata asiye fundi angegeuka.

Fundi alikuwa anatabasamu. "Umesikia lilivyotulia?"

Mkewe aligeuka akamtazama usoni.

Gerejini kaka yake alikuwa anawangoja mlangoni. Fundi akanyoosha mkono wenye funguo. "Chukua, shemeji. Kazi imeisha."

Mama Springi alizidaka. "Bado. Kuna springi yangu haijakaa sawa."

"Dada, lakini nimeshawaambia watu nakuja nalo!"

"Waambie dada yako kakataa."

Kaka mtu aliondoka akinung'unika. Fundi akamgeukia mkewe. "Springi zako hazina kasoro. Mbona umesema uongo?"

Mama Springi alimpa mgongo, akasema kwa sauti ya kawaida, "Difu inalia." Fundi aliendelea kufuta mikono kwa kitambaa. Ndipo mkewe akamgeukia, wakatazamana. "Difu inalia, mume wangu."

Kitambaa kilisimama mikononi. "Inalia sana?"

"Sana."

Fundi akakaa juu ya tairi.

"Tangu lini husikii?"

"Sikio la kushoto lilitangulia, kabla binti yetu hajaolewa. La kulia likafuata, polepole."

"Na mimi nalala nawe kitanda kimoja."

"Ningekwambia nini? Fundi asiyesikia injini ni nani?"

"Ulikuwa unampa funguo ndugu yangu," mkewe alisema. "Difu ingekamata magurudumu katika mwendo ule, ningemzika ndugu yangu."

Fundi alijifunika uso kwa mikono yenye grisi. Hakujitetea. Mkewe alikuwa na hasira bado, lakini alivuta ndoo, akaketi karibu naye.

Hospitalini waliambiwa mishipa ya kusikia imekufa. Kifaa kingemsaidia kupata maneno ya watu, lakini sauti nyembamba hazingerudi. Walipotoka Fundi alisema, "Sikio la kufa halisikii dawa," akacheka peke yake. Mkewe alimshika mkono wakavuka barabara.

Waliifungua difu. Fundi aliyapaka meno rangi, akayazungusha, akatazama yalipogusana. Macho na vidole vyake vilikuwa vizima. Safari hii aliendesha mke, na mume akaweka kiganja kwenye bati nyuma ya kiti.

"Sasa?"

"Bado kidogo."

Walirudi, wakafungua, wakasogeza, wakafunga. Wakatoka tena.

"Sasa?"

Alisikiliza mpaka maghala yakaisha. "Kimya."

"Usinihurumie."

"Sikuhurumii. Kimya."

Shemeji alipokuja, Fundi alimweleza mwenyewe. "Nilikaribia kukupa mauti. Masikio yangu yamekwisha. Dada yako ndiye aliyesikia."

Yule bwana wa mizaha akamshika shemeji yake mkono kwa mikono miwili.

Baadaye habari zilienea, na baadhi ya wateja wakahama. Lakini siku ile wawili hao walisimama barabarani wakilitazama gari likiondoka. Mbele kidogo lilikanyagwa, likaruka kweli. Fundi hakulitazama tena, alikuwa anautazama uso wa mkewe.

"Linaungurumaje?"

Mama Springi alianza kumweleza, akakosa maneno, akaanza upya.