Mfukoni mwa Dohani

Pale kwenye karakana ya masofa, gundi ikifunguliwa utani unaisha. Ile gundi inadaka moto kwa cheche tu, kwa hiyo kila mtu anaacha sigara na kiberiti kwenye kopo mlangoni, halafu msimamizi anakupapasa mifuko. Anampapasa kila mtu, isipokuwa Dohani.

Dohani alishatangaza mbele ya mafundi wote kwamba ameacha sigara. Angefanyaje? Mkewe, anayeshona vitambaa humo humo karakanani, ana pumu, na alishahamia kwa dada yake. Alisema harudi kwenye nyumba yenye moshi. Sasa kaamini. Begi lake liko chini ya cherehani, jioni anarudi nyumbani.

Na mchana huo huo Dohani yuko nyuma ya choo, anavuta.

"Mume wangu, njoo unishikie kitambaa!"

Sauti iko hapo hapo kwenye kona. Akaisugua sigara ukutani chapuchapu, akaitumbukiza mfukoni mwa aproni. Mlangoni akakuta wenzake wamepanga foleni.

"Mpisheni mtakatifu," akasema msimamizi, ambaye ni shemeji yake, kaka wa mkewe. "Huyu hata kiberiti kishamsahau."

Wakacheka. Aitoe sigara pale, mbele ya shemeji? Akapita.

Ndani, ndoo ya gundi iko wazi. Mkewe kakamata upande mmoja wa kitambaa, yeye kakamata mwingine, wanavuta. Hapo ndipo paja likaanza kupata joto.

Jasho tu hili, akajiambia. Joto likazidi.

"Vuta basi, kinapinda," mkewe akasema.

"Navuta."

"Kuna kitu kinaungua. Husikii harufu?"

 Dohani akisema ukweli, begi linarudi kwa dada mtu. Asiposema, mkewe huyo hapo kainama, uso uko juu ya ndoo kabisa.

"Funika gundi," akasema.

"Nini?"

"Funika gundi, mke wangu. Nina sigara mfukoni, haijazima."

Mkewe hakuuliza mara ya pili. Mfuniko ukashuka, puu, na Dohani alishafika nje, anahangaika na kamba za aproni. Akaitosa kwenye pipa la maji. Ikalia chsss.

Shemeji akaja amekunja ngumi. Mke wa Dohani akamsukuma pembeni.

"Niachie, kaka. Huyu ni wangu." Akamgeukia mumewe, anapumua kwa shida. "Ulivyotangaza vile, ulitaka kuacha kweli?"

"Nilitaka urudi."

"Sijakuuliza hilo."

Dohani akatazama chini. "Hapana. Sikutaka."

"Basi leo sirudi."

"Najua."

 Mkono wa Dohani ukatafuta mfuko wa aproni, aproni imo pipani.

"Na sasa hivi nataka sigara moja," akasema. "Naitaka vibaya mno. Lakini na kuacha nataka. Sijui nikuelezeje."



"Hiyo hamu huwa inachukua muda gani kupita?" mkewe akauliza.

"Sijui. Sijawahi kuisubiri."

Mkewe akavuta kipande cha sponji kilichokuwa kimeegemezwa ukutani, akakilaza chini, akakaa, akamwachia nafasi.

"Kaa tuisubiri."

Dohani akakaa, akaibana mikono katikati ya magoti.