Alikuwa na Wino

Samurai yule aliacha mke na mtoto mchanga, akaenda kumlipizia kisasi bwana wake aliyeuliwa, akakaa huko nje miaka kumi na tisa. Jina lake Sadakichi. Bi Mwanawema, jirani yetu, hakuliweza jina hilo, akamwita Sadaka, na mtaa mzima hapa Ole ukamwita hivyo mpaka msimu wa karafuu ukesha.

Ni hadithi ya vitabu vya picha vya Kijapani, manga vinaitwa. Bi Mwanawema aliposikia manga siku ya kwanza alidhani ni mambo ya Maskati, kwani Manga kwetu ni huko, akauliza mbona hao Waarabu hawana ndevu. Kila baada ya sala ya alasiri tulikaa uani kwa Ishak tukichambua karafuu, kila mtu na fungu lake, karafuu huku, vijiti vyake, yaani makonyo, kule. Nahla huegemeza simu kwenye pishi ya kupimia karafuu akatusomea. Maneno yameandikwa Kiingereza, yeye akiyageuza papo hapo, na vidole vyake vinachambua bila kutazamwa. Pakifika pa kupigana, simu huzungushwa kila mtu auone upanga, ikimrudia mwenyewe inanuka karafuu.

Nahla ni mwalimu wa skuli. Pia ni mwanangu, ila hilo yeye hajapata kulitamka. Huniita Mzee Haidar, kama anavyomwita yule muuza samaki wa baiskeli anayetoka Tumbe.

Mimi niliondoka ana miaka miwili. Nilikwenda Mombasa kwa wiki tatu, wiki tatu zikawa meli, na meli moja ikazaa nyengine: Dubai, Durban, Manila, Kobe. Skuli nimeisoma vipande vipande, darasa la nne hapa, ubaharia kule, Kiingereza nimekiokota jikoni melini. Nilirudi baada ya miaka ishirini na sita na mkoba mmoja na goti bovu. Mize, mama yake Nahla, nilikuta keshazikwa. Alinisubiri miaka sita, kisha akenda kwa kadhi kutaka ndoa ivunjwe, na kadhi akaandika kwamba mume hajulikani alipo. Akaolewa na Ishak, seremala, mtu asiye maneno mengi. Ishak ndiye aliyemlea Nahla, akamsomesha kwa vitanda na milango.

Nilirudi miezi miwili kabla ya harusi ya Nahla. Kwetu mwanamke huozeshwa na baba yake. Baba akiwa hajulikani alipo, na hakuna ami wala kaka, kadhi husimama badala yake. Baba wa kambo hana haki hiyo hata kama ndiye mtoto anayemwita baba. Kadhi alikuwa keshakubali, siku imeshapangwa. Ndipo mimi nikaingia Ole na mkoba wangu, na ile haki ikanirudia mkononi sikuitolea hata jasho.

Alinijia mara moja tu kwa jambo hilo, kwenye chumba cha mpwa wangu nilikofikia. Nilimwekea kigoda, hakukaa.

"Mzee Haidar, nataka umpe baba uwakala. Useme tu mbele ya shehe kwamba yeye aniozeshe kwa niaba yako."

"Baba yako nipo hai, Nahla."

"Ndiyo taabu yenyewe hiyo," akasema.

Nikamjibu nitafikiri. Uwongo. Nilikuwa sitaki kufikiri chochote. Nilitaka kukaa mimi mbele ya watu, nimshike mkono huyo mchumba wake, Jabir wa Wambaa, niseme nimekuozesha binti yangu. Nilitaka watu wa Ole wanione. Na kwa kuwa kwake sikuwa na la kumshawishi, nikamtegemea samurai. Nilikuwa nikiiona hadithi inakoelekea. Kisasi kimekwisha, Sadaka anarudi kwao. Nikajisemea, ataisoma kwa kinywa chake mwenyewe na moyo utamlainika.

Siku hiyo ikafika. Theluji inaanguka, mtu ana kovu la shavu, amesimama mbele ya mlango wake. Mke kaolewa na mwengine. Anayefungua mlango ni binti, mkubwa, na anamuuliza: "Wewe nani?" Kitabu kinakatika hapo hapo. Kinachofuata hakikuwa kimetoka, mpaka mwezi ujao.

Uani pakalipuka kelele. Nahla akasema tungojee, huko chini kuna maoni ya wasomaji, maelfu.

"Huyu wa Brazili anasema amelia mpaka mama yake kamuuliza amefiwa na nani. Huyu anasema picha ya theluji peke yake yatosha. Huyu wa Manila anasema mke ni msaliti, hakuwa na subira."

"Huyo wa Manila mwambie aje Ole," akasema Bi Mwanawema. "Aje achambue karafuu miaka kumi na tisa peke yake, mtoto mgongoni, halafu atwambie habari ya subira."

Watu wakacheka. Ishak naye alitabasamu, akaendelea na fungu lake.

Nikaona zamu yangu imefika. Nikawaambia mimi nimefika Japani, na hilo ni kweli. Kobe, siku kumi na mbili, meli inatengenezwa. Nimeyaona kwa macho yangu mavazi ya chuma ya watu wale nyuma ya kioo, na ukiyatazama unajua mtu aliyeyavaa hakuwa wa kawaida. Nikasema mwandishi huyu anajua anachokiandika. Mwanamme akila kiapo amefungwa. Njia inamshika. Si kwamba hawakumbuki wa nyumbani, kila usiku anawakumbuka, tumemuona sote kwenye kile kitabu cha tano akiutazama mwezi. Nikasema binti yule akiwa na akili atamkaribisha, kwa sababu damu ni damu, na mtu aliyerudi amerudi.

Nilisema vizuri. Mpaka leo naamini nilisema vizuri.

"Yakhe Haidar," akasema Bi Mwanawema, "Sadaka alimwapia bwana wake. Weye ulimwapia nani?"

Nikainamia fungu langu.

Nahla alikuwa hajainua uso. "Mie nina maoni yangu," akasema. "Nishayaandika huko, kwa lile jina langu la Makonyo. Niwasomee?"

"Soma, mwanangu," akasema Ishak.

Akasoma. Nayaandika kama ninavyoyakumbuka, na nayakumbuka yote.

"Wengi wenu mmeusifu upanga. Mimi nimetazama kile kisanduku anachokifunga kiunoni. Kitabu cha kwanza anakifungua, anaandika shairi la maua. Kitabu cha nne anamwandikia mama wa bwana wake, kurasa tatu tumeoneshwa, kwa mwandiko mzuri. Cha saba anawaandikia maadui zake kuwapa siku ya kupigana, asije akaonekana hana adabu. Cha tisa anampa karatasi mlevi asiyemjua amwandikie mkewe barua. Miaka kumi na tisa. Msiniambie alifungwa na kiapo. Alikuwa na wino."

Nilikuwa nimeshika kishada cha karafuu, nikakichambua hata makonyo nikayatupa upande wa karafuu.

Ndipo akanitazama. Ni mara ya kwanza kunitazama kwa muda ambao mtu angeweza kuuhesabu.

"Mzee Haidar. Huko Kobe, posta ilikuwepo?"

Ningeweza kusema mengi. Niliyasema mengi huko nyuma kwa watu wengi, kwamba dunia ile ilikuwa haina simu za mkononi, kwamba nahodha alitunyima ruhusa. Posta ya Kobe ilikuwa mkabala na bandari, jengo jeupe. Nilipita mbele yake kila siku kwenda kunywa supu ya tambi.

"Ilikuwepo," nikasema.

"Basi," akasema, akavuta fungu jengine.

Ijumaa baada ya sala nikaenda na Ishak kwa Shehe Suhail. Nahla alikuwa nyuma ya pazia na wanawake. Shehe akaniuliza kama natoa uwakala kwa hiari yangu, nikasema kwa hiari. Akanambia nitamke. Nikatamka: mimi Haidar bin Nyange nimekuwakilisha wewe Ishak bin Jaribu umuozeshe binti yangu Nahla. Shehe akasema hewala, imetosha. Ni mara pekee nimesema binti yangu na mwenyewe asinikatalie, na nilikuwa namkabidhi kwa mwengine.

Harusini niliwekwa safu ya tatu, na hapakuwa pabaya. Ishak alimshika mkono Jabir, akamuozesha. Aliponitaja kama baba aliyempa uwakala, mzee mmoja ubavuni kwangu aliuliza, "Ndo nani huyo?" Mwengine akamjibu kwa kunong'ona. Wali ulipokuja wakanipa kipande kizuri cha nyama.

Nahla akahamia Wambaa kwa mumewe na simu yake. Karafuu zikesha. Kitabu kilichofuata kilipotoka hapakuwa na wa kutusomea, nikaazima simu ya mpwa wangu, nikatia bando, nikakisoma mwenyewe kwa Kiingereza changu cha jikoni, siku mbili. Binti anamwambia Sadaka aingie. Anampa supu. Anamwita baba. Theluji inakoma.

Chini yake wasomaji wamejaa furaha, wa Brazili analia tena, wa Manila kaweka mioyo safu nzima. Nikashuka chini, chini zaidi, mpaka nikamkuta Makonyo. Safari hii aliandika kwa Kiswahili, katikati ya Wazungu na Wajapani, wala sijui alitaka asomwe na nani.

"Mwandishi amemhurumia. Haiwi hivi."

Hakuna aliyemjibu. Nikaitafuta ile alama ya kidole gumba, goti linaniuma, nikaibonyeza. Ikaandika moja.